Hodi ya Saa Saba Mchana

Bi Shukriya binti Thani alizoea kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, kufagia ua ambao hakuna aliyeuchafua, kisha kupika chai ya watu wawili. Kikombe cha pili alikinywa mwenyewe, kikiwa kimeshapoa. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na Adham, mwanawe wa pekee, alikuwa Maskati akifanya kazi benki. Kila Jumatano jioni alipiga simu.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo. Lini unakuja?"

"Inshallah, mama."

Na Bi Shukriya, aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka thelathini, alijua kuisoma inshallah ile.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika Ghafa Mpya, kijiji cha nyumba za saruji kando ya njia iendayo Tanuf, si mbali na mji wa Nizwa, huko Omani. Mbele ya mlango wake palikuwa na wadi, bonde kavu la mawe meupe, na ng'ambo ya wadi ilikuwa Ghafa ya zamani: kuta za udongo zisizo na mapaa, madirisha yasiyo na vyumba. Vita vya mlimani vya miaka ya hamsini ndivyo vilivyoubomoa mji ule. Waliosalia walivuka wadi wakajenga upya. Hawakurudi hata kuokota mlango.

Majirani zake walikuwa watu wema. Walimletea tende za kwanza za msimu na nyama ya Idi. Jambo moja tu lilimkera. Ukisimama mlangoni kwao ukabisha hodi, hawaitiki. Unamsikia mtu ndani, unasikia redio ikipunguzwa, lakini hakuna anayesema karibu. Unangoja juani na sahani yako ya vitumbua, mpaka mlango ufunguke upana wa kidole na jicho likutazame kuanzia miguuni. Huko kwao Unguja, mtu akikunyamazia hodi, huyo amekutukana.

Kwa Kiarabu cha kule hodi husemwa "hud", na jibu lake "qarrib". Adabu ni ile ile, na Bi Shukriya aliamini kwamba adabu hufundishika. Kwa hiyo siku moja aliligawa darasa lake la pili: nusu nje ya mlango, nusu ndani. Wa nje wabishe, wa ndani waitike. Watoto wakacheka, wakasukumana, wakabisha kwa sauti za babu zao. Wakarudia mpaka wote wakaweza.

"Anayebisha hodi amekuomba kitu kidogo kabisa," aliwaambia. "Anataka kujua kama upo. Usimnyime."

Alya, msichana wa miaka minane, akanyoosha mkono. Mwalimu wa kike kule huitwa abla. "Abla, na kama hatumjui?"

"Mwitikie kwanza. Utamjua akiingia."

Kicheko kilikatika. Watoto thelathini na wanne walimtazama mwalimu wao, na hakuna aliyejongea.

*

Mwaka huo shule iliwaomba walimu wakusanye masimulizi ya wazee kuhusu vita, kwa maonyesho ya historia. Walimu wengine walikuwa na watoto wa kulea na waume wa kupikia. Bi Shukriya alikuwa na alasiri ndefu na redio kaseti. Kazi ikawa yake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mahrous, askari mstaafu, aliyekaa Nizwa karibu na soko la mbuzi. Alizaliwa Bumbwini, Unguja, akaletwa Omani akiwa kijana, akaingia jeshini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, na alikuwa na njaa ya kukisema.

"Mwalimu, chai hii umeitia sukari, au umeionyesha tu?"

"Daktari kakukataza, ami Mahrous."

"Daktari! Kijana wa juzi yule. Ndevu zangu zimemzidi umri."

Walicheka. Kisha Bi Shukriya akabonyeza kitufe, na mzee akaanza kusimulia. Alisimulia kiu, mawe yaliyounguza viganja, ndege zilizopita chini kiasi cha kumwona rubani. Alisimulia vizuri, kama mtu aliyejisimulia mwenyewe mara nyingi. Halafu sauti yake ikashuka.

"Kazi yangu ilikuwa darubini. Natazama, nasema, wengine wanapiga mizinga. Siku ile mji mzima unakimbia. Lakini kuna kijana mmoja amesimama mbele ya mlango, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyekuja kuposa. Nikaona kinywa chake kinafunguka. Akangoja. Kikafunguka tena. Akangoja. Nikasema moyoni, sukuma mlango, mwanakwetu. Usiuombe. Sukuma."

"Akasukuma?"

"Akaita mara ya tatu. Kisha akageuka akenda zake, taratibu, kwa adabu. Hapo mkono wa afisa ukashuka."

Kaseti ilizunguka. Nje mbuzi walilia.

"Ikawaje, ami?"

"Vumbi." Mzee alikitazama kikombe chake. "Lilipotulia nikatazama tena. Pale alipokuwa, hapakuwa na kitu. Nikaisogeza darubini kidogo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya pili. Kichwa ameinamisha. Kinywa kinafunguka."

*

Alhamisi iliyofuata haikuwa siku ya shule; kule mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Alya aliletwa asubuhi kwa Bi Shukriya, kama kila Alhamisi, kwa sababu mama yake alikuwa zamu hospitalini na bibi yake, Bi Ghaniya, alikuwa na maumivu ya magoti. Kwa Bi Shukriya siku hiyo ndiyo ilikuwa wiki nzima. Mtoto alichora chini ya feni, akala wali wa nazi, akauliza maswali mia. Nyumba ikawa nyumba.

Saa sita hivi Bi Shukriya alichukua redio yake. "Nakwenda kwa bibi yako kidogo, nyumba ya tano tu. Ananisimulia mambo ya zamani. Kaa hapa uchore. Jiko usiliguse."

"Sawa, abla."

Bi Ghaniya alikuwa mwanamke mkimya, mwenye uso kama tende iliyokauka na mikono isiyotulia. Siku ya vita alikuwa na miaka kumi. Alisimulia polepole. Nyumba yao ilikuwa na paa imara, kwa hiyo wanawake wa jirani walikimbilia hapo. Walikuwa kumi na mmoja katika chumba kimoja. Kaka yake, Nadhir, alitoka kwenda kutafuta njia ya kufika mapangoni, ili aje awachukue wote. Wanawake wakatia komeo nyuma yake. Kisha neno likapita kwenye kuta: askari wanabisha hodi milangoni mwa watu, ukiitika umekwisha.

"Halafu tukasikia hodi," alisema Bi Ghaniya.

Akanyoosha kidole, akaizima redio.

"Mlango ule ulikuwa wake," aliendelea. "Nyumba ilikuwa yake. Lakini ndani walikuwa wake za watu, na Nadhir asingeweza kuingia bila ya kuruhusiwa. Alilelewa hivyo. Mara tatu, kisha uende zako. Ndivyo dini inavyosema, na ndivyo alivyofanya, mji ukiungua mgongoni mwake."

"Na nyinyi hamkumtambua?"

Mikono ya Bi Ghaniya ikatulia.

"Hao hawakumtambua. Mimi nilimtambua. Hakuna aliyenifunga mdomo, mwalimu. Niliijua sauti ya kaka yangu. Lakini walikuwa wakubwa kumi na wote wamenyamaza, nikasema, wakubwa wanajua. Baadaye paa lilianguka. Tulitoka watatu."

Bi Shukriya akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Hajaacha," alisema Bi Ghaniya. "Anapita saa saba mchana, watu wakiwa wamelala. Si kila siku. Si kila mlango. Mara tatu, kisha anakwenda. Ndiyo maana hatuitiki. Mwaka ule tuliovuka wadi, mke wa fundi seremala alikuwa mgeni, hakujua. Akaitika. Walikuta mlango wazi na chungu motoni. Nyayo zake ziliingia wadini. Ng'ambo hazikutoka."

"Anawafanya nini?"

"Hawadhuru. Amekuja kuwatoa kabla paa halijaanguka. Anawapeleka mapangoni, wakae salama." Bi Ghaniya akamtazama. "Bado wako salama huko."

Bi Shukriya akalikumbuka darasa lake. Aliwaona watoto thelathini na wanne, nusu nje, nusu ndani. Aliisikia sauti yake mwenyewe, ya upole, ya kusifiwa na wakaguzi. Mwitikie kwanza. Utamjua akiingia.

Akaitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika nne.

*

Hakukumbuka alivyofika kwake. Alikumbuka jua, na njia tupu, na milango yote imefungwa. Hakupita mbele. Alizunguka akaingia kwa mlango wa jikoni, akavuka ukumbi, akaifikia sebule.

Alya alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia, akichora.

"Abla, mbona unahema?"

Bi Shukriya akaweka kidole mdomoni. Akapiga magoti kando ya mtoto. Feni ilizunguka. Halafu, bila ya mtu kuigusa, ikaanza kupunguza mwendo. Ikazunguka mara moja. Nusu. Ikasimama.

"Hodi."

Sauti ya kijana. Ya chini, yenye haya. Ilitoka upande wa pili wa mlango, karibu sana na ubao.

Bi Shukriya akauziba mdomo wa Alya kwa kiganja. Aliisikia pumzi ya mtoto ikipita kati ya vidole vyake. Mara tatu tu, alijiambia. Kisha anakwenda.

"Hodi."

Na hapo lilimjia jambo ambalo hakumwambia mtu kwa miaka mingi. Halikuwa hofu. Aliwaza kwamba tangu mumewe azikwe, hakuna aliyesimama mlangoni kwake akangoja hivi, kana kwamba jibu lake lina uzito. Kiganja chake kikalegea. Kidogo tu.

"Hodi."

"Kari—" akasema Alya, kwa sauti safi ya darasani, kama alivyofundishwa.

Komeo likatikisika.

Bi Shukriya akasimama. Mtoto hana nyumba, mtoto hana mgeni. Anayekaribisha ni mwenye nyumba. "Karibu!" alipaza sauti. "Karibu, mwanangu. Mwenye nyumba ni mimi. Hapa niko peke yangu." Huku akisema hivyo akamsukuma Alya kuelekea jikoni, akamnong'oneza sikioni: "Kimbia kwa bibi. Usigeuke."

Mlango ulifunguka polepole. Nje palikuwa na jua jeupe na wadi. Hapakuwa na mtu. Lakini zulia lilibonyea, hatua moja, hatua ya pili, na mto wa kuegemea uliokuwa ukutani ukazama katikati, kama mtu mchovu amekaa. Chumba kikanuka udongo uliochimbwa.

Akaketi mbele ya mto ule. Desturi ya kule humtaka mwenyeji aulize habari kabla ya neno lolote, na mgeni hujibu kwamba hakuna habari, hata kama amekuja na msiba.

"Habari za utokako?"

"Hapana habari," ilisema sauti. "Kheri tu. Wako wapi wengine?"

"Hakuna wengine."

"Paa litaanguka. Inuka twende."

Miguu ya Bi Shukriya ikajikunja kuinuka. Yenyewe. Akaishika kwa mikono. Akalikumbuka birika la kahawa lililokuwa kwenye sinia kando yake, alilopika asubuhi kwa ajili ya mgeni ambaye haji.

"Mgeni hatoki nyumbani kwangu hajanywa kahawa," alisema.

Kisha mto ukazama zaidi. Kijana alilelewa vizuri.

Akamimina. Finjani ikaondoka kwenye vidole vyake, ikarudi tupu. Kule mgeni aliyetosheka huitikisa finjani anapoirudisha. Asipoitikisa, mwenyeji humimina tena. Finjani ile haikutikiswa. Akamimina. Ikarudi. Akamimina. Alihesabu, kama anavyohesabu watoto wakipanda basi. Saba. Kumi. Kumi na moja. Birika likawa jepesi. Juu ya kichwa chake, katika dari ya saruji isiyo na ufa, udongo mkavu ukaanza kudondoka. Punje moja. Mbili. Zilimwangukia mkononi.

Akamimina ya mwisho. Ilikuwa makapi matupu.

Finjani ikarudi. Haikutikiswa.

"Inuka twende," ilisema sauti, kwa upole. Bi Shukriya akajikuta amesimama. Hakuogopa tena. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameshavuka nusu ya sebule, na kila hatua ilikuwa nyepesi kuliko iliyotangulia.

Ndipo nje, mtu akabisha.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka, inahema. Bi Ghaniya. Alikuwa amevuka milango mitano kwa magoti yake yale.

Bi Shukriya alifungua mdomo amfukuze, amwambie arudi. Sauti haikutoka. Na karibu na bega lake, kijana akaitika mara moja, bila ya kungoja hodi ya pili:

"Karibu."

Kule ukutani mto ukazama tena. Bi Ghaniya alivua viatu vyake kizingitini, akaingia. Hakumtazama Bi Shukriya. Alikwenda moja kwa moja kwenye mto uliozama, akaketi kando yake, akaukusanya mtandio wake kama msichana anayeogopa kukemewa.

"Nilikusikia," alisema. "Siku ile. Nilikujua ni wewe."

Udongo uliacha kudondoka.

"Nilikusikia, Nadhir, nikanyamaza."

Kwenye sinia, finjani ikainuka kidogo, ikatikisika kulia na kushoto, mara mbili, ikatua.

Mto ukapanda. Bi Ghaniya akainuka, mkono wake mmoja umenyooshwa mbele, kama mtoto anayeshikwa mkono njiani. Wakatoka. Wakaingia katika jua la wadi. Bi Shukriya aliwafuata mpaka mlangoni, akasimama, akangoja. Aliwaona wakivuka mawe meupe, mmoja anaonekana na mmoja haonekani, na aliyeonekana alikuwa anatembea bila ya kuchechemea.

Hawakugeuka. Hakuna aliyemwambia njoo.

Nyuma yake feni ikaanza kuzunguka.

*

Alya alikutwa kwa jirani, mzima, akilia kwa sababu bibi alikataa kumngoja. Wanaume walivuka wadi kabla ya alasiri. Walitafuta mpaka Ijumaa jioni, kwanza wao, kisha polisi na mbwa wao. Nyayo za miguu mitupu ziliingia wadini. Mbwa alizifuata mpaka katikati, akalala chini, akakataa kuinuka.

Polisi kijana kutoka Nizwa alikuja kuandika maelezo. Bi Shukriya alimweleza yote, neno kwa neno, na yeye akaandika robo yake. Akamuuliza kama marehemu, yaani bibi yule, aliondoka na viatu.

"Aliviacha kizingitini," alisema Bi Shukriya. "Viko hapo hapo. Sikuvigusa."

Mama yake Alya alikwenda kuviangalia. Bi Ghaniya alikuwa na kandambili za plastiki za buluu, alisema, kamba moja imefungwa kwa waya. Alimnunulia mwenyewe. Akainama. Akakaa hivyo, ameinama, kwa muda mrefu.

Kizingitini palikuwa na viatu jozi moja. Vilikuwa vya ngozi ya mbuzi, vimeshonwa kwa mkono, vya mtoto wa miaka kumi hivi. Ngozi ilikuwa mpya. Polisi alipoviokota alivitupa chini ghafla, akajifuta viganja kwenye suruali, kwa sababu ndani vilikuwa bado na joto la miguu.